Mabega ya Bi Noorjehan

Cherehani isiyo na mtu kwenye duka la ushonaji la Bi Sukaina, pale mtaa wa Mabawa, ilikuwa moja, na waliokuwa wakiitaka ni wawili. Wiki nzima Semeni na Tausi walishona majaribio. Jumamosi mmoja wao angeambiwa arudi kwao.

Tausi alikuwa na mdomo mtamu. Wateja walicheka naye mpaka wakasahau walichofuata. Mshono ukimpindia, husema, "Nani atainama kuutazama?" akaendelea. Semeni alikuwa mtu wa haya. Shule aliiachia darasa la tano kwa kuogopa kusimama kusoma mbele ya wenzake. Lakini mshono uliopinda ulimnyima raha, akaufumua mara tatu, mara nne. Mwenyewe alijishangaa: mtu anayeona haya hata kuuliza choo kiko wapi, ushupavu huu anautoa wapi?

Bi Sukaina aliuona ushupavu huo, ila hakuusifu. Alimwambia kwamba nguo hupimwa mwilini, na mwili una mwenyewe. Fundi bubu hamfai. Jumamosi asubuhi akamwambia:

"Leo anakuja Bi Noorjehan. Mpime wewe. Ukimkimbia, cherehani ni ya Tausi."

Bi Noorjehan, mke wa mwenye duka la vyombo, alijulikana kwa kurudisha nguo. Semeni alimpa shikamoo ya kunong'ona, akashika futi, akaikunja na kuikunjua.

"Mpime, shoga, hang'ati," Tausi akamtania.

Semeni akapima bega la kulia, akapima la kushoto. Akarudia. Vipimo vikakataa kulingana. Hapo akasahau kuogopa. Alitaka kujua tu.

"Bibi, mbona bega hili limeshuka? Ulianguka?"

Tausi akajiziba mdomo.

Bi Noorjehan akamtazama kwenye kioo. "Nilivunjika nikiwa msichana. Miaka thelathini mafundi wananiambia mimi ndiye nisiyeridhika. Hakuna aliyeuliza."

Semeni akawa anauliza kama mkono ule hunyanyuka wote, kama baridi huuma, na nguo aliyovaa inambana wapi. Maswali yalimtoka moja juu ya jingine. Bi Sukaina akakivuta kiti cha ile cherehani isiyo na mtu, akakigeuza upande wa Semeni.

Tausi akaona, akaanza kukunja mtandio wake. "Kumbe ulimi alikuwa nao," akasema, akacheka.

Semeni hakusikia. Alikuwa akiandika mabega mawili, kila moja na kipimo chake.