Mfungo wa Enock

Walipofungua macho baada ya maombi, Mama Brigitha alichukua kidole cha Enock, akakitoboa na kukinga tone la damu kwenye kipimo cha sukari alichotoka nacho kazini, katika nyumba ya wazee. Watu wote waliojaa sebuleni kwake, pale kitongoji cha Crystal, ughaibuni, waliingoja namba.

"Safi kabisa!" Mama Brigitha alisema. "Nani alisema Mungu hasikii Kiswahili huku kwenye barafu?"

Wakaimba. Enock aliimba nao, midomo imemkauka kwa njaa. Wenzake walikuwa wamefunga kwa ajili ya dada yake, Haika, ambaye kisukari kilikuwa kimemuulia figo zote mbili kabla hajamaliza chuo. Enock alitaka kumpa figo yake moja, na damu zao zilikuwa zimekubaliana. Kilichobaki ni daktari kusema ndiyo.

Jambo moja hakuwaambia. Tangu kiangazi alikuwa akishikwa na kiu isiyoisha. Siku moja, baada ya kula ugali, alijipima kwa siri kwa kipimo cha Haika, akaona namba iliyomtia baridi. Ndipo alipopendekeza mfungo. Sasa namba imeshuka, akajiambia amepona.

Jumatatu hospitalini, daktari, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimuuliza, "Baba yenu alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Aliugua kwa muda mfupi," Enock alijibu. Ndivyo wasifu wake ulivyosomwa kanisani kwao Machame siku ya mazishi, naye hakuwahi kuuliza zaidi.

Daktari alimsogezea majibu. "Asubuhi hii sukari yako ni nzuri. Lakini kipimo hiki kinatazama miezi mitatu iliyopita. Na kwenye mkojo wako protini imeanza kuvuja. Enock, unao ugonjwa wa dada yako. Upo kwenye familia yenu, na unawashika mkiwa vijana."

"Nimefunga, daktari. Nimeombewa."

"Kufunga kumeteremsha sukari ya leo tu."

"Basi chukueni moja hivyo hivyo. Nitabaki na moja."

"Nikiichukua, nitakuwa na wagonjwa wawili kwenye mashine ya kusafisha damu. Siwezi."

Enock alishuka kwenye basi mtaa wa Cedar-Riverside, akapanda lifti hadi kwa Haika bila kujua atasema nini. Dada yake alikuwa amejilaza kwenye kochi, amejifunika kitenge, akimumunya kipande cha barafu. Maji yake yalikuwa ya kupimiwa, maana mwili haukuwa na pa kuyatolea.

"Karibu, mfadhili," alisema. "Umekonda! Wakikufungua watakuta mifupa tu. Wamesemaje?"

"Kuna kipimo kimoja bado, dada."

Akaingia jikoni, akajaza glasi, akanywa. Akajaza tena. Ya tatu aliinywa amefumba macho, maji yakimchuruzika kidevuni. Alipogeuka, Haika alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimemwanguka miguuni.

"Baba alikuwa anakunywa hivyo," alisema polepole. "Mama alimwekea ndoo ya maji yake peke yake. Tangu lini, Enock?"

"Nimetoka kwenye mfungo, ndiyo maana..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Kiangazi."

Haika alisogea, akashika ukingo wa sinki. Enock hakuthubutu kumgusa.

"Tutafunga tena," Enock alisema. "Safari hii nitafunga muda mrefu, dada. Kipimo chao kitashuka. Wewe unamtegemea nani mwingine?"

Haika aliushika mkono wa Enock, akaubandika kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto, pale madaktari walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine. Chini ya ngozi damu ilikuwa ikitetemeka na kuvuma, kama friji kuukuu isiyozimika.

"Unasikia? Mimi nalala na huu mvumo kila siku. Sitaki uwe wako."

"Na figo utaipata wapi?"

"Sijui." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alifungua droo ya vijiko, akatoa kipimo chake na sindano mpya. "Sijui, mdogo wangu. Kula kwanza, hapo mezani kuna wali. Ukimaliza, ngoja kidogo, halafu lete kidole. Leo tutaisoma namba yenyewe."