Siku ya Waakye

Ijulikane kwa watu wote, wa bara na wa pwani, ya kwamba Selorm Agbeko, mhandisi mwandamizi wa programu jijini Accra, nguzo isiyoyumba, siku hiyo alikabidhiwa jukumu zito kuliko yote maishani mwake: kwenda kununua waakye, ule wali wa kunde.

Bila simu.

Ndivyo walivyofanya katika kampuni yao, iliyopeleka dawa kwa pikipiki kutoka maghalani hadi kwenye maduka ya dawa. Kabla mhandisi hajapewa uongozi wa timu zote, hutumwa chakula. Akiwa huko, Madam Korkoi, mkuu wao, huuangusha mfumo wa mazoezi, pacha wa ule halisi. Mtahiniwa akirudi, husimama nyuma ya wenzake na kufunga mdomo. Wakiuinua bila yeye, cheo ni chake. Akiwasaidia, hata kwa kikohozi, angoje mwaka mwingine.

Selorm alikitaka cheo kile kama mwenye kiu anavyotaka maji. Tatizo ni kwamba mfumo aliujenga yeye, enzi za watu wanne na feni moja. Sasa walikuwa sabini, na bado ukigoma, simu ililia mfukoni mwake: kwa kinyozi, kanisani, hata Jumamosi mazikoni, amevaa nyeusi, jeneza linapita. Alilalamika sana. Alifurahi zaidi.

Basi jana yake, wenzake walipokwenda kula, alitega kwenye mfumo wa mazoezi kiprogramu cha kuuinua kila ukianguka. Akakiita "usafi", maana hakuna binadamu anayechungulia kitu kinachoitwa usafi.

Alirudi na vifurushi vya waakye, uso umetakata kama wa shemasi.

"Umeanguka," Dzifa alikuwa akisema, macho kwenye skrini. "Ngoja... umeamka."

"Nani kagusa?" aliuliza Ewurabena, aliyeachiwa kuongoza zoezi.

"Hakuna. Umeanguka tena. Umeamka."

Selorm akatazama dari kwa unyenyekevu.

"Si uko hai? Tule," alisema Kobina. "Efo Selorm, kaka yangu, lete hapa hicho kifurushi changu chenye yai."

"Kobina, tumbo lako si mhandisi. Kitu kinachojifufua sikiamini. Kuna mkono humu. Tafuteni," Ewurabena akasema.

Hawakuchelewa kukipata.

"Kinaitwa usafi," alisema Dzifa.

"Tangu lini sisi tuna usafi? Hata vikombe hatuoshi. Kizime," Ewurabena akaamuru.

Kikazimwa. Mfumo ukaanguka, na safari hii ukabaki chini. Mkono wa kulia wa Selorm ukaanza safari kuelekea kwenye kibodi. Wa kushoto ukaukamata.

"Tusiguse kwanza," alisema Ewurabena. "Tusome. Nini kilikuwa kizima, na nini kimebadilika?"

Selorm akashtuka. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema kwa kunung'unika, kila walipomzunguka kwenye kiti chake na maswali yao, akiwapunga kama nzi. Kumbe nzi walikuwa wakisikiliza.

"Hili agizo la mbele halina jina la duka," alisema Dzifa. "Mfumo ukilisoma, unaanguka. Ukiamka, unalikuta palepale, mwanzo wa foleni."

"Kama yule mama anayebishania nyama kwa muuza waakye," Kobina akasema, "na sisi nyuma tunakufa."

"Basi msogeze pembeni abishanie huko. Wengine wahudumiwe," akasema Ewurabena.

Dzifa akalisogeza. Agizo la kwanza likapita. Likafuata la pili, kisha yakamiminika, skrini nzima ikageuka kijani kama shamba baada ya mvua. Selorm alisisimka mwili mzima. Alikuwa ameuinua mfumo ule mara zisizo na idadi, lakini hakuwahi kuuona ukiinuka, kwa kuwa siku zote kichwa chake kilikuwa ndani yake. Alikuwa kama mpiga ngoma aliyeinua macho kwa mara ya kwanza, akaona watu wanacheza.

Madam Korkoi akaja na kiti chake.

"Umesimama. Hongereni. Agizo bovu niliweka mimi. Usafi sikuweka. Nani?"

Wote walijua. Katika jengo lile, mtu mmoja tu angeweza kuandika kitu kizuri kiasi kile na kukipa jina la kipuuzi kiasi kile.

"Labda panya, Madam," alisema Kobina.

"Panya anaandika programu?"

"Panya wa Accra, Madam. Wamesoma."

Dzifa akazama kwenye kifurushi chake. Ewurabena akavutiwa ghafla na dirisha. Walikuwa wamefunga midomo kwa ajili yake, na cheo kilikuwa palepale mezani, kando ya waakye, kinamsubiri naye anyamaze.

Selorm akawatazama mmoja mmoja.

"Ni mimi," akasema. "Nilikitega jana, mlipokwenda kula. Sikuwaamini. Nimewafundisha bila kujua, halafu sikuwaamini." Akasogeza kifurushi kimoja mezani. "Na Kobina, usitafute yai lako. Nimelila njiani."