Maiti Aliyepumua Mara Nne

Filamu yenyewe ilikuwa mbovu, sibishi. Hadithi ya upelelezi: tajiri kauawa sebuleni, mpelelezi kaja na koti la mvua siku ya jua kali. Saa ya ukutani inasema saa nne na robo tangu mwanzo hadi mwisho. Gari lile lile lenye taa iliyovunjika linapita dirishani mara tano, na kila mara mpelelezi anashtuka upya. Kivuli cha kipaza sauti kinatembea ukutani kama mshukiwa ambaye hakuna anayemhoji. Na maiti anapumua.

Maiti ni kaka yangu.

Hakuwa mwigizaji. Alikuwa seremala wao. Sebule yote ile aliipigilia misumari yeye. Mwigizaji aliyepangiwa kufa hakutokea siku hiyo, mwongozaji akamwambia, "Fundi, hebu lala hapo, ufe kidogo." Akalala. Alibana pumzi mpaka zikamshinda. Utepe wa filamu ulikuwa ghali, hawakurudia. Wiki iliyofuata akaanguka kutoka kwenye jukwaa la taa, lile aliloliombea mbao mpya wakamwambia aache deko, akafa. Nimeandika barua za kumdai haki yake miaka thelathini na minane. Namkumbuka kila aliyezipokea, na jinsi alivyozitupa kwenye trei.

Hatuna picha yake nyingine inayotembea. Enzi zile watu walikuwa wakipiga kelele ukumbini, "Maiti anapumua!", mimi nanyanyuka kutaka ugomvi, mama ananivuta shati. "Waache wacheke," alisema. "Si wanamwona?"

Mwaka huu warithi wa filamu wakaamua kuisafisha. Nilikwenda studioni kwao. Fundi wa picha alikuwa mama wa umri mdogo, miwani kichwani, picha ya wanawe wawili imebandikwa pembeni mwa skrini.

"Karibu, baba. Nina orodha ya makosa kumi na tisa hapa."

"Mtayafuta yote?"

"Wapi! Yale rahisi tu."

"Kivuli cha kipaza sauti?"

"Kinapita juu ya nyuso za watu. Kazi ya wiki mbili hiyo. Kinabaki."

"Gari?"

"Linabaki."

"Na maiti?"

"Huyo dakika mbili tu. Nachukua picha moja ametulia, naitandaza sekunde zote kumi na moja."

Nikamwambia ni nani. Akaondoa mkono kwenye kipanya kama kimemuunguza. Akampigia bosi wake simu, akaweka sauti nje.

"Kosa ni kosa," bosi akasema. "Mwambie mzee tunampa pole."

"Muulize bosi wako mbao ziko wapi," nikasema. Simu ilikuwa imeshakatwa.

"Basi ninakilie hicho kipande, mwanangu."

"Kila kinachotoka humu kinaonekana, baba. Nitafukuzwa."

"Na utepe wenyewe?"

"Ulioza, ukawa unanuka siki. Umeshateketezwa."

Maisha yangu yote nimesimama kwenye mageti ya viwanda nikiwaambia watu wakatae amri. Hotuba ilinijaa mdomoni, tayari kabisa. Nikawatazama wale watoto wawili kwenye picha. Nikaimeza.

"Nionyeshe mara moja, basi."

Akanionyesha. Kifua kilipanda, kikashuka. Mara nne. Ya nne ilikuwa kubwa, kama ya mtu aliyechoka kuchezewa. Kisha yule mama akashusha miwani, akafanya kazi yake. Kweli, dakika mbili.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walicheka koti, wakacheka saa, gari lilipopita mara ya tano wakalipigia makofi. Kisha ikaja sebule, na kaka chini, mkavu kama ubao alioupiga randa mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kumbusu yeyote ambaye angecheka.

"Maiti anapumua!" nikanyanyuka, nikapiga kelele.

Kijana wa kiti cha mbele akageuka. "Mzee, tulia. Hapumui huyo. Si unaona mwenyewe?"

Nikakaa. Nilikuwa naona.