Kilichofunikwa kwa Kitenge

Mwaka huo jua lilimfanyia Grasiana ubaya mtupu. Mahindi yake yalitoa mbelewele vizuri, yakamtia tamaa, kisha yakakauka yamesimama. Kilichobaki kibichi katika shamba lake pale nyuma ya Kilole ni mihogo tu, tena michanga, haifai hata kuchimbwa. Na Jumapili ya mavuno ndiyo hiyo inakuja mbio.

Katika kanisa lao, Jumapili ya mavuno kila mtu hupeleka alichovuna, akakipitisha katikati ya watu kwa nyimbo na vigelegele mpaka madhabahuni. Ibada ikiisha, vitu hupigwa mnada uwanjani. Waislamu wa mtaani nao huja kununua, maana mnada hauna dini, na kuku wa kanisani huwa wamenona.

Sasa, siku hiyo Grasiana hakuwa akimwogopa Mungu. Alikuwa akimwogopa wifi yake. Joyceline, mke wa kaka yake, alilima Mkata, na kila mwaka aliteremka kwenye basi na mizigo mpaka kondakta analalamika. Ubaya wa Joyceline ni kwamba hakuwa mbaya. Angekuwa na majivuno, Grasiana angepata pa kumchukilia. Lakini wapi! Alikuwa mtu wa kucheka na kukumbatia, na kukuuliza magoti yanaendeleaje. Inachosha kushindana na mtu wa namna hiyo.

Basi alfajiri Grasiana alichuma majani ya mihogo, akayatwanga mpaka kisamvu kikalainika, akakifunga katika jani la mgomba na kukiweka kwenye ungo. Akakitazama. Kilikuwa kidogo hata yeye mwenyewe kilimhuzunisha. Akaenda kuchukua kitenge chake kipya, ambacho alikuwa hajakivaa hata mara moja, akaufunika ungo wote na kukunja pembe vizuri.

Kanisani Joyceline alipita mbele na gunia la mahindi, kapu la mbaazi na jogoo wawili. Grasiana akamfuata na ungo wake kichwani, uso mkavu. Mchungaji akahubiri kwa ufupi, akasema Mungu akimtazama mtu hamtupii jicho aliye pembeni yake ili apate kulinganisha. Grasiana akaitikia "Amina!" kwa sauti kubwa, kisha akachungulia kapu la Joyceline.

Dalali wa mnada alikuwa Mzee Ernesti, aliyewahi kuwa nyapara katika mashamba ya mkonge, na sauti yake ilikuwa bado ya kazi ile ile. Mizigo ya Joyceline ikauzwa kwanza, kwa bei ya kupigiwa makofi. Kisha mzee akauinua ungo wa Grasiana.

"Hiki kimefunikwa!" akanguruma. "Na mimi sifunui sadaka ya mtu. Atakayenunua ndiye atakayefunua!"

Watu wakachangamka.

"Hiyo keki!" akapiga kelele mmoja.

"Keki gani nzito vile? Ni paja la mbuzi!"

Joyceline akataja bei. Muhsin mwenye bucha akaongeza. Mwalimu wa kwaya naye akaingia, Joyceline akarudi, na bei ikapanda mpaka ikaupita mzigo wote wa kutoka Mkata. Grasiana alisikia utamu ukimpanda kichwani. Amempita Joyceline! Miaka yote hii, na leo amempita!

Ndipo Muhsin akataja bei ya mbuzi mzima.

"Mara ya kwanza!" akaita Mzee Ernesti.

Grasiana akafumba macho, akaomba kimoyomoyo: Ee Bwana, mfanye Muhsin aende akafunulie nyumbani. Akaisikia sala yake mwenyewe, akashtuka. Yaani anamwomba Mungu amsaidie kudanganya, tena kwenye uwanja wa Mungu mwenyewe?

"Mara ya pili!"

"Mzee Ernesti, ngoja!" Alikuwa amekwisha simama. "Ni kisamvu."

"Ni nini?"

"Kisamvu! Mahindi yamenikaukia, sikuwa na kingine. Nikaona aibu, nikakifunika. Halafu mlipokipandishia bei nikafurahi, kwa sababu kimempita wifi."

Aliyeanza kucheka ni Joyceline mwenyewe, akacheka mpaka khanga ikamdondoka, akaja kumkumbatia.

"Wifi! Kumbe miaka yote hii tunashindana na mimi sijui? Si ungeniambia angalau nijiandae!"

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Mchungaji alicheka ameshika nguzo. Muhsin akafuta machozi. "Mama Yordani, umeniokoa," akamwambia Grasiana. "Mke wangu angenilaza nje." Akataja bei ya kisamvu, ile ile ya gengeni, akalipa, akasema kipikwe hapo hapo, wale wote.

Ilikuwa bei ya chini kuliko zote siku ile. Grasiana alishangaa kuona haimuumi hata kidogo. Alijisikia mwepesi, akajikuta anapiga vigelegele kwa ajili ya sadaka yake mwenyewe.

Mafiga yakapangwa, mmoja akatoa nazi, mwingine unga wa ugali. Kisamvu hakitaki haraka, kwa hiyo watu waliimba mpaka kikaiva. Grasiana na Joyceline wakapakua pamoja, bega kwa bega, kila mmoja akipata tonge na mboga kidogo. Bibi Tatu, jirani wa Grasiana, aliyekuja kutafuta mtetea akabaki kwa harufu, alionja, akafumba macho.

"Grasiana mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mboga hii ni tamu. Tamu kuliko hata ile ya Joyce..."

Grasiana akamwongezea upawa mwingine kabla hajamaliza.

"Kula, bibi," akasema. "Kula kingali cha moto."