Mimbari ya Dada Cherehani

Jumanne moja baada ya chai, darasa la mwaka wa mwisho katika chuo cha uchungaji lilisogeza mabenchi ya mbele ya kanisa la chuo, likatandika mkeka sakafuni, likaanza zoezi la kumwekea mtu mikono. Wiki iliyotangulia walikuwa wamefanya zoezi la mazishi, kabla ya hapo la ndoa, na kabla ya hapo la kumtembelea mgonjwa. Katika mazoezi hayo yote mgonjwa, bibi harusi na maiti alikuwa mtu yule yule, Dada Cherehani, kwa sababu ndiye mwanamke pekee darasani na kwa sababu aliweza kulala kimya bila kucheka. Kwa umaiti mwalimu wa mahubiri alimpa alama nzuri sana.

Jina hilo alipewa siku alipoingia chuoni akiwa na cherehani kichwani. Wenzake walileta magodoro; yeye alileta kazi. Jioni alishona suruali za wachungaji watarajiwa zilizopasuka kwenye mpira, na asubuhi alikaa benchi la nyuma akisikiliza jinsi ya kuichambua aya, jinsi ya kupanda na kushuka kwa sauti, na mahali pa kunyamaza ili watu wajiulize umesahau nini.

Kwao kulikuwa na kanisa dogo la bati lisilo na mchungaji. Wa mwisho alikuwa amehama zamani, na tangu hapo kina mama waliliendesha kwa nyimbo na sala fupi, kila mmoja akiogopa kusimama mbele. Ndio waliomtuma. Nenda ukasome, walimwambia, urudi utuhubirie. Mkuu wa chuo alipoisikia habari hiyo alijibu, "Tutaona." Dada Cherehani alilibeba neno hilo mwaka baada ya mwaka kama ahadi, ingawa kila aliyewahi kuomba ruhusa kwa baba yake anajua maana ya tutaona.

Basi siku ile ya mikono, kila mwanamume alitaka kuwa askofu na hakuna aliyetaka kupiga magoti kwenye saruji. Ukazuka mjadala kama inafaa mwanamke akae mahali pa mchungaji mtarajiwa. Mwalimu aliukata.

"Ni mazoezi tu. Hata gunia la mchele lingefaa."

Dada Cherehani akapiga magoti mahali pa gunia.

Mwalimu alikuwa na kanuni ambayo hakuilegeza hata siku moja: katika mazoezi, maneno yenyewe hayatamkwi. Penye maneno mazito mtu husema "kadha wa kadha". Kwa hiyo Dada Cherehani alikuwa ameshaolewa kwa jina la kadha wa kadha, na kuzikwa katika tumaini la kadha wa kadha. Maneno, mwalimu alipenda kusema, hayajui kama hii ni rasimu.

Zamu ya kuongoza ilimwangukia Haleluya. Huyu alikuwa mwanafunzi mnene, mwenye moyo mweupe na kumbukumbu mbovu, ambaye kila alipokwama katikati ya mahubiri alipaza sauti akisema haleluya mpaka wazo lirudi, na mara nyingine halikurudi. Siku hiyo halikumpotea hata neno moja. Aliweka mikono juu ya kichwa cha Dada Cherehani, wenzake wakaweka ya kwao juu ya mikono yake, naye akatamka maneno yote ya kumweka mtu wakfu kuwa mchungaji, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kadha wa kadha, machozi yakimtoka. "Amina," wakasema wote kwa mazoea. Mwalimu alikuwa ameinama akitafuta chaki.

Kisha wenzake wakaondoa mikono yao, wakaenda kunawa. Mikono haikuondoka. Dada Cherehani aliihisi kichwani wakati wa chakula, mizito na yenye joto, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga upya kwa sababu kilikaa upande. Alilala nayo. Hakuona haja ya kumsumbua mtu.

Asubuhi mimbari haikuwa kanisani. Ilikuwa nyuma ya bweni la wanawake, katikati ya kamba za kuanikia nguo, imeelekea dirisha lake. Ilikuwa mimbari ya mbao ngumu, ndefu kuliko kifua cha mtu, na siku ya kuingizwa kanisani ilikuwa imembana vidole seremala aliyeitengeneza. Mlinzi alipoulizwa alisema imepita alfajiri, polepole, kama mtu anayewaza mambo yake.

"Na wewe ukafanya nini?" mkuu wa chuo akamuuliza.

"Nikaifungulia mlango, mzee. Ningeiacha ipige kona ingeangusha mitungi ya maua."

Wanafunzi wakairudisha. Kesho yake ilikuwa jikoni, ambako Dada Cherehani alikuwa na zamu ya kuchambua maharage. Keshokutwa ilisimama nje ya maktaba, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, mkutubi aliifunika kwa nailoni. Watu wakazoea. Mtu akitaka kujua Dada Cherehani yuko wapi aliangalia mimbari imeelekea upande gani.

Taabu ilikuwa ibada za asubuhi. Mhubiri wa zamu angeanza vizuri, na kufikia hoja ya pili mimbari ingeanza kugeuka taratibu, upande anaosimama mhubiri ukielekea benchi la nyuma. Mhubiri naye angeizunguka ili abaki nyuma yake. Ilikuwa kawaida kumwona mchungaji mtarajiwa akimaliza mahubiri yake akitazama ukuta, mgongo kwa waumini, huku anasisitiza habari ya kusimama imara.

Walimu wakaitisha kikao, wakamwita Dada Cherehani.

"Ulihisi nini siku ile?" mwalimu wa mahubiri akamuuliza. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi alichoweza, na usiku hakuwa amelala vizuri.

"Nilihisi mikono, mwalimu."

"Na sasa?"

"Bado ipo."

Mwalimu akatazama kichwa chake, kisha akatazama karatasi zake. "Mimi nimemsikiliza Haleluya miaka yote hii," akawaambia wenzake. "Hajawahi kumaliza sentensi ndefu. Hiyo siku alimaliza."

Mkuu wa chuo, ambaye mezani kwake kulikuwa na sheria za kanisa zenye jalada la bluu, alivua miwani akaifuta.

"Hakuna anayekataa kwamba limetokea," alisema. "Linaonekana. Lakini sheria yetu inasema mwanamke atafundisha watoto na kuongoza kwaya. Haisemi lolote kuhusu samani. Dada yetu, unatuelewa?"

"Mungu akibisha hodi, mzee, ninyi mnaitisha kikao?"

"Ndiyo," akajibu mkuu wa chuo bila hasira. "Tukishindwa kuelewana, tunaunda kamati."

Kamati ikaundwa. Ilishauri mnyororo. Fundi chuma akafunga mimbari kwenye pete iliyochimbiwa sakafuni, na asubuhi ilikutwa kwenye kamba za nguo pamoja na mnyororo, pete, na kipande cha saruji cha ukubwa wa sufuria. Kamati ikashauri Dada Cherehani asiingie kanisani kabisa. Mimbari ikatoka katikati ya sala ya ufunguzi, ikamfuata bwenini, ikimwacha mhubiri amesimama mikono imeegemea hewa. Mtu akiinama hivyo mbele za watu hana pa kujificha, hata awe na sauti nzuri vipi.

Alasiri ya siku hiyo alitoka kuanua shuka, akaikuta mimbari ikimngoja. Upepo ulikuwa mwembamba. Shuka zilijaa na kupungua kama kifua cha mtu aliyelala, na mwanga uliopita ndani yake ulikuwa mweupe, wa maziwa. Aliweka kapu chini. Alitaka kuiambia irudi, aiambie kwa upole kwamba inamponza. Badala yake alisimama nyuma yake, akaweka viganja juu ya mbao, akagundua kwamba inalingana na kimo chake.

Akahubiri. Alihubiri habari za mshono: kwamba aliyevaa nguo huisifu rangi, na akipita kwenye miiba ndipo hujua kama kuna mtu aliyeketi akaishona. Alisema wako watu ambao Mungu amewaficha kama uzi ndani ya nguo ya kanisa, na nguo ikikaza ndio wanaovutwa. Hakupanda wala kushuka kwa sauti. Mahali pa kunyamaza alinyamaza, na hakuna aliyejiuliza amesahau nini. Wapishi walitoka na miiko mikononi. Mlinzi akavua kofia. Shuka zikaacha kutikisika, zikaning'inia wima, zikiwa zimeelekea upande wake zote. Haleluya alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, analia waziwazi.

Alipomaliza alihisi furaha tupu, furaha ya mtu aliyekuwa anavaa viatu vya kuazima tangu utotoni na leo amevaa vyake. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile, wala hakuipata tena.

Mwalimu wa mahubiri alikuwa amesikiliza kutoka dirisha la ofisi. Ni yeye aliyepata ufumbuzi, na alipousema alimwangalia mkuu wa chuo, hakumwangalia Dada Cherehani.

"Ikiwa inamtaka karibu, tumweke karibu."

Ikatafutwa stuli fupi. Ikawekwa nyuma ya mimbari, chini, mahali ambapo waumini hawaoni, na Dada Cherehani akakalishwa hapo, magoti yake yakigusa viatu vya mhubiri. Mimbari ikatulia tuli. Wahubiri wakapata nafuu kubwa. Wengine walisema hata mahubiri yenyewe yanakuja kwa urahisi, na waliokwama walijifunza kukohoa kidogo, naye kutoka chini akawapa neno lililopotea. Haleluya alikohoa sana.

Kisha ikaja siku ya mahafali. Kina mama wa kanisa la bati walikuja na mama yake mbele yao, amevaa nguo aliyoitunza kwa ajili ya siku hii. Walikuwa wamepaka chokaa nyumba ya mchungaji na kuweka kitanda. Walikaa benchi moja, wamebanana, wakimtafuta binti yao kati ya wahitimu, wasimwone, kwa kuwa alikuwa kwenye stuli.

Mkuu wa chuo alitangaza vituo. Kila aliyetajwa alisimama na kupigiwa makofi. Alipofika kwenye kanisa la bati alimtaja Haleluya. Kina mama wakatazamana. Mmoja alianza kupiga makofi kwa kutojua, akaacha.

"Na dada yetu mpendwa," mkuu wa chuo akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "chuo kimeamua kumbakiza. Atakuwa mhudumu wa mimbari. Ni nafasi mpya."

Wakati watu wanakunywa soda uani, Dada Cherehani alimfuata mkuu wa chuo. Mimbari ilisogea mpaka mlangoni na kusimama.

"Mzee, mimi nitaenda kwetu. Hata bila cheti cha uchungaji. Nitakaa nao tu."

"Mwanangu, nani amekufungia?" Mkuu wa chuo alionekana kusikitika kweli. "Lakini ukienda itakufuata. Nayo ni mali ya chuo. Nitalazimika kuandika wizi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Dada Cherehani alisubiri asikie inakata nyuma ya nani. Mkuu wa chuo akaomba radhi, akaenda kumlaki mgeni rasmi.

Haleluya alimkuta pale pale. Suti yake mpya, aliyoishona Dada Cherehani, ilimkaa vizuri mabegani.

"Dada, nitawaambia nini hao kina mama?"

"Waambie ukweli. Wakinyamaza usipige kelele. Na kuna mzee mwenye mguu mbaya, usimwinue wakati wa kuimba."

"Nikikwama?"

"Utakwama," alisema. "Kaa chini, waache waimbe."

Alisema hayo kwa upole, ingawa ndani ilimuuma kiasi kwamba mimbari kule mlangoni iliinama upande wake na kugonga fremu.

Mama yake alikuja mwisho. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake, akakiondoa haraka, akautazama mkono wake.

"Pamejaa hapa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo umekwisha kuwa mchungaji."

"Nimekwisha kuwa."

"Na hurudi."

"Nikirudi itanifuata, mama, nao wataandika wizi," alisema Dada Cherehani, akiitazama mimbari mlangoni. Mama alifuata macho yake, akaelewa. Akamwacha, akaenda mpaka kwenye mimbari, akaisimamia kama mtu anayemsimamia mtoto wa jirani asiyejua mipaka. Akainama karibu na mbao.

"Nawe utulie," akainong'oneza. "Mwanangu asije akafungwa."

Mimbari ikarudi yenyewe mpaka mahali pake, polepole, ikakaa. Dada Cherehani akaifuata, akakaa kwenye stuli. Mgeni rasmi alipanda kutoa neno la mwisho, akaegemeza viwiko, akausifu uongozi kwa mimbari iliyotulia namna ile. Alikuwa amezunguka nchi nyingi hajaona mfano wake.

Kupitia ufa wa mbao, Dada Cherehani aliona uani. Kina mama walikuwa wamemzunguka Haleluya. Mmoja alichukua sanduku lake, mwingine godoro, na mama yake akachukua mfuko wenye viatu, kwa kuwa mchungaji mpya habebi mizigo yake mwenyewe. Wakaanza wimbo, wakatoka naye getini. Mbao ikatetemeka begani mwake. Akaishika kwa mikono miwili mpaka mgeni rasmi akamaliza.