Nyasi Kwenye Goti la Mkuki

Saa mbili kasorobo asubuhi mpambaji wa studio alimketisha Mkuki kwenye kiti cha plastiki, akamkunjia suruali hadi juu ya goti la kulia, akachukua mkasi wa kupunguzia nyusi, akaanza kukata nyasi.

Zilikuwa nyasi nzuri, laini, za kijani kibichi, za aina ile inayopandwa kwenye viwanja vikubwa vya mpira. Zilianza kuota wiki ya kwanza ya mazoezi ya tamthilia. Mpambaji alidhani ni uchafu, akazisugua kwa pamba na spiriti. Zikanawiri. Mtunza mavazi akalalamika kwamba suruali mbili tayari zimetoboka, na yeye si kiwanda. Basi ikaandikwa kwenye ratiba, kati ya chai na poda: Mkuki, nyasi, dakika kumi.

"Haziumi?" mpambaji aliuliza.

"Zinawasha tu. Hasa nikizimwagilia."

"Sasa kwa nini unazimwagilia? Nani kakutuma?"

"Dada, huko ndiko kuoga."

Mkuki alikuwa mshambuliaji wa kati kwa miaka tisa. Goti lilipokufa, klabu ilimtupa kama ganda la ndizi, kisha mwaka uliofuata ikarudi kuliokota. Mwenyekiti wa klabu ndiye pia mwenye kituo cha televisheni, kama vile mtu mmoja anavyoweza kumiliki ng'ombe, maziwa na koo la mnywaji. Alitaka tamthilia ya maisha ya Mkuki, na Mkuki aigize Mkuki. Kazi yenyewe ilimkaa vizuri. Aligundua kwamba uigizaji hauko mbali na mpira: unaanguka, unashika mguu, unamtazama mwenye filimbi.

Tatizo lilikuwa sehemu ya saba. Humo Mkuki anakaa kwenye kitanda cha hospitali na kusema: "Goti langu nimeliua mwenyewe, kwa pombe."

Mkuki hajawahi kunywa pombe. Hata dawa ya kikohozi humfanya ashike ukuta. Goti lake liliuawa na sindano za daktari wa klabu, za kufukuza maumivu ili acheze, na klabu iliwaandikia waandishi wa habari barua yenye mhuri kwamba sindano hazikuwapo.

Mama yake aliposikia maneno hayo anayotakiwa kuyasema, aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, kuigiza igiza. Igiza mwizi, igiza punda, nitakuja kukupigia makofi. Lakini hilo usiliseme kwa kinywa nilichokinyonyesha."

"Nimeshasaini, mama."

"Ulisaini kwa mkono. Kinywa hakikusaini."

Asubuhi ya kupiga picha za sehemu ya saba, mpambaji alisimamisha mkasi.

"Kaka, mbona haziendi kote? Ziko vishungivishungi."

"Ndipo sindano zilipoingilia."

Mpambaji akavihesabu kwa ncha ya mkasi. "Kumi na moja."

"Timu kamili," alisema Mkuki.

Mpambaji akamwita mwongozaji wa tamthilia. Mwongozaji alikuja na chai yake, akachuchumaa, akahesabu mwenyewe, akapata kumi na moja. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akapata idadi ileile. Akasimama.

"Kata fupi zaidi," alisema. "Leo kamera inashuka hadi gotini."

Kamera ilipowashwa, Mkuki alikaa kwenye kitanda cha hospitali, akatazama mbele na kusema: "Goti langu limeuawa na daktari wa klabu. Sindano kumi na moja. Mwenyekiti alisimama mlangoni akitazama saa."

Nyasi zilipanda palepale, zikatoboa suruali, zikasimama wima kama mashabiki. Mtunza mavazi alisonya.

"Turudie," alisema mwongozaji. "Kama ilivyoandikwa, tafadhali."

Mkuki akarudia, kama ilivyokuwa. Wakarudia mara nane. Mara ya nane machozi yalimtoka, na hayo hayakuwa kwenye mswada. Mwongozaji akatazama saa yake.

"Safi sana," alisema. "Machozi ya kweli hayo. Tumemaliza."

Hakuna aliyegombana naye. Mkuki alirudi nyumbani akipiga mluzi, akimwambia kila aliyemsalimia asikose kutazama. Hilo lilikuwa kosa la mwanasoka. Alizoea kwamba mpira ukivuka mstari ni goli na watu wanarudi katikati. Hakujua kwamba kwenye televisheni mpira ukishavuka mstari hurudishwa ndani, hushonwa, na kupigwa nje ya lango.

Siku ya kurushwa sehemu ya saba, sebule ya mama ilijaa majirani. Mkuki akaonekana kitandani. Midomo yake ikafunguka, na sauti ya bwana mmoja asomaye matangazo ya sabuni, fundi hasa wa kuiga watu, ikasema: "Goti langu nimeliua mwenyewe, kwa pombe."

Jirani mmoja akagonga paja. "Kumbe chupa! Na alivyokuwa akijifanya soda, soda!"

"Ungejua wanasoka, shemeji," akasema mwingine.

Mama aliinuka, akapunguza sauti mpaka ikaisha kabisa, akavuta kigoda karibu na kioo. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha nguo, ambako mitambo ilipiga kelele hata mtu hasikii kikohozi chake mwenyewe, na wanawake walipiga soga kutwa kwa kusomana midomo.

"Sindano kumi na moja," alisoma mama taratibu. "Mwenyekiti alisimama mlangoni akitazama saa." Akageuka. "Umesema vizuri, mwanangu."

Lakini nchi nzima ilikuwa imetumia masikio. Kesho yake watu walimpigia Mkuki vigelegele vya kilevi barabarani, na mwenye baa akamtumia kreti zima la bia kwa heshima. Daktari alipandishwa cheo. Mwenyekiti alipewa tuzo ya kupambana na ulevi michezoni, akaipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi alasiri mama na mwana walitazama mechi ya klabu. Sauti ilikuwa imezimwa. Siku hizi mama haiwashi. Mshambuliaji mpya, kijana mwenye kasi aliyepewa jezi ya Mkuki, alitoka kwenda mapumziko akichechemea, mkono begani kwa daktari. Kamera ikawasogelea. Daktari akamwinamia.

"Anasema: 'Moja tu,'" alisoma mama. "'Ya mwisho.'"

"Ya ngapi hiyo?"

"Hajasema."

Kipindi cha pili kijana alirudi akiruka kama ndama. Dakika ya sitini alifunga goli. Uwanja ulisimama, midomo yote wazi, na mama hakuona neno la kusoma humo. Kijana aliinama, akajikuna goti. Palikuwa na kitu cha kijani hapo, kidogo sana. Mtangazaji bila shaka alisema ni nyasi za uwanja.

Mama alitoa mkasi kwenye kikapu chake cha kushonea.

"Lete mguu," alisema. "Jumatatu una kazi studio."

Mkuki akakunja suruali.