Ngozi ya Mwenye Karamu

Sikio la nguruwe wa pili lilikuwa na alama ile ile: mikato miwili midogo ukingoni na mmoja chini yake. Bi Eduvina Tique alilishika kwa vidole vinavyonuka kitunguu saumu, akaligeuza huku na huku, kisha akamwita Leonilde, shoga yake na mwenzake wa jikoni kwa miaka ishirini na miwili.

"Yule wa Bwana Edilberto tuliyempakua leo mchana, sikio lake ulilionaje?"

"Sikio? Mimi na magunia ya njegere yale, nianze kukagua masikio!" Leonilde alisogea huku akifuta mikono kwenye aproni. Alitazama, akaligusa kwa kidole. "Alaa! Hawa si ndugu hawa?"

"Zizi moja."

"Lakini huyu ni wa karamu ya Yesid kesho, na kaletwa na shemeji yake, kwa gari lake mwenyewe."

"Gari ni la shemeji. Alama ni ya shamba la Kampuni ya dhahabu." Bi Eduvina aliliachia lile sikio. "Tumepikia mtu mmoja siku mbili, Leonilde, na sisi tunadhani ni wawili."

Leonilde alijishika kiuno. Kisha akarudi kwenye njegere zake.

Pale Peña Honda hakuna asiyemjua Bi Eduvina. Nguruwe wake wa kujazwa njegere hukaa tanurini usiku kucha, na akitoka ngozi yake ni nyekundu kama kigae, hata mgonjwa akiisikia harufu huuliza saa ya kula. Amewapikia wenye ndoa na wenye msiba, watu wa chama chekundu na wa chama cha buluu, na hata yule meya aliyetoka karamuni akaingia jela. Wakimuuliza yuko upande gani, hujibu, "Tanuri langu halina chama." Alikuwa akilisema hilo kwa kujivuna, kama mtu anayeonyesha mikono safi.

Na desturi ni moja, tangu bibi zake. Nguruwe haliwi mpaka mpishi akate kipande cha kwanza cha ngozi, akipeleke kwa mkono wake kwa mwenye karamu, naye akivunje kwa meno watu wote wasikie. Mtoto alie, mzee asinzie kwa njaa, hakuna atakayepeleka kijiko mdomoni kabla ya mlio huo. Ndivyo watu wanavyomjua wa kumshukuru.

Mchana ule wa Jumamosi ngozi ilikwenda kwa Bwana Edilberto Guarnizo, mgombea umeya wa wekundu, naye aliivunja mbele ya kipaza sauti ili isikike mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeshangaa. Kwamba Edilberto analishwa na Kampuni lilikuwa jambo la kawaida kama mvua ya Aprili. Nyuma kabisa, chini ya turubai, alikuwa ameketi Daktari Arbeláez, kofia mapajani, akitabasamu. Huyo hajawahi kutibu hata kuku. Pale mjini kila mwenye viatu vinavyong'aa huitwa daktari. Kazi yake ni kuwa rafiki wa watu kwa niaba ya Kampuni. Shule ikiezekwa, yupo. Jezi za mpira zikigawiwa, yupo, nyuma kabisa.

Kampuni ilitaka dhahabu iliyo chini ya kilima, na dhahabu haioshwi kwa mate. Ilitaka chemchemi ya Agua Linda, inayonywesha mji mzima. Miaka miwili nyuma walipotoboa mashimo ya majaribio tu, mabomba ya mji mzima yalitoa tope siku arobaini. Bi Eduvina alibeba maji mgongoni kutoka ng'ambo kama punda, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ni Yesid Capera aliyesimama wakati huo. Yesid, mtoto wake wa ubatizo, aliyemshika mwenyewe juu ya kisima cha ubatizo kanisani. Ndiye aliyesema tufunge barabara, nao wakaifunga kwa mawe, wanawake mbele. Kucha mbili za Bi Eduvina zilipotea kwenye mawe yale. Malori yaligeuka yakarudi, na watu wakamwambia Yesid, wewe ndiwe meya wetu; ndivyo alivyokuwa mgombea wa wabuluu.

Sasa, usiku ule, alimpaka nguruwe maji ya danzi, lile chungwa chungu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia Yesid, akamkasirikia Daktari na viatu vyake, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe na lile tanuri lake lisilo na chama.

Alfajiri ya Jumapili Yesid alifika, shati la buluu limenyooshwa kwa pasi. Alisimama mlangoni akavuta harufu kama alivyozoea utotoni.

"Baraka zako, mama."

"Baraka zitasubiri. Nguruwe huyu katolewa na nani?"

"Marafiki."

"Marafiki wana majina."

Alicheka. "Mama nawe! Nguruwe ni nguruwe."

"Nimelishika sikio lake, Yesid."

Kicheko kilikatika. Leonilde alichukua ndoo isiyo na kitu akatoka nayo nje. Yesid alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akashusha sauti.

"Sikia, mama yangu. Kampeni haiendeshwi kwa rozari. Mabango, mafuta ya gari, vipaza sauti, atoe nani? Mzee Abelino na kuku wake watatu? Mkono mtupu haulambwi. Mimi nachukua chao, naingia ofisini, halafu nawageuka. Kuwala wajinga si dhambi."

"Na Edilberto naye kasema atawageuka?"

"Edilberto ni mwizi!"

"Mwizi, ndiyo. Lakini hakunibebesha mawe." Alichochea makaa yaliyobaki. "Wamekuomba nini?"

"Hawajaomba kitu. Naapa."

"Yesid."

"Hakuna kitu, mama! Ila tu... kwenye hotuba, tusiitaje chemchemi kwa jina. Tuseme tu maendeleo yenye busara. Ni neno moja tu hilo, ebo!"

Bi Eduvina alimtazama kijana aliyembeba akiwa na kilo tatu. Alitaka kumzaba kofi, na alitaka kumpa kahawa.

"Kunywa kahawa uende," akasema.

"Na ngozi ya kwanza uniletee jukwaani, usisahau. Mpiga picha atakuwepo."

"Itafika kwa mwenyewe."

Adhuhuri uwanja ulijaa. Watu mia tatu, wengine wametembea tangu usiku kutoka vijiji vya juu, walipanga mstari mrefu, sahani mikononi, na mbele ya wote Mzee Abelino, kofia yake ya majani kifuani. Nguruwe alikuwa mezani mzima, kichwa na masikio, akimeta juani. Na nyuma kabisa, chini ya turubai lile lile, kiti kile kile, Daktari Arbeláez, kofia mapajani.

Yesid alipanda jukwaani. Alikuwa na sauti nzuri, tangu zamani. Bi Eduvina alisimama na kisu mkononi akijiambia: akilitaja jina tu, hata mara moja, hata kwa kupitia, nampelekea. Nitasahau sikio. Yesid alizungumzia barabara. Alizungumzia vijana, akamtaja Mungu, akamtaja mama yake mzazi aliyelala makaburini. Mtu mmoja kwenye mstari alipaza sauti, "Na Agua Linda?" Yesid alikohoa kidogo, akatazama nyuma ya uwanja, akasema kwamba Peña Honda inastahili maendeleo yenye busara.

Watu walipiga makofi. Si wote, lakini walipiga.

Bi Eduvina alikata. Ngozi ililia chini ya kisu, akaiweka kwenye sahani ya udongo ya bibi yake, akaondoka mezani. Mpiga picha aliinua kamera. Yesid alishuka ngazi moja, mikono mbele, akitabasamu. Mama yake wa ubatizo alimpita. Alilipita jukwaa, akaupita mstari wote, watu wakimpisha na kugeuka kumfuata kwa macho, mpaka akaingia kwenye kivuli cha turubai.

Daktari Arbeláez aliinuka nusu, kwa adabu. "Bibi, nadhani umekosea. Mgombea yuko kule."

"Sijakosea, daktari. Jana ndiyo nilikosea."

"Mimi ni mgeni tu hapa..."

"Karamu mbili, mgeni?" Alimsogezea sahani mpaka ikagusa tai yake. Hakupaza sauti, maana hapakuwa na haja. Uwanja mzima ulikuwa umegeuka kumsikiliza. "Ivunje. Watu wako wana njaa."

"Mama," ikasema sauti ya Yesid, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado wazi mkononi mwake, neno lile lilitoka kwenye spika zote nne, "mama, unaniua."

Hakugeuka. "Sijaua mtu," alisema. "Nimepakua tu."

Daktari alitazama jukwaa, akatazama gari lake lililokuwa mbali, upande wa pili wa watu mia tatu. Alitabasamu lile tabasamu lake la shule na jezi, lakini halikumkaa vizuri. Akaokota ngozi kwa ncha za vidole, akaitia mdomoni. Ilikuwa imepakwa danzi mara tatu na kuokwa kwa muda wa saa kumi na mbili. Ilivunjika kwa mlio uliosikika mpaka kanisani.

Bi Eduvina alirudi na sahani tupu kwa njia ile ile aliyojia. Alishika kisu, akaufungua ubavu, na mvuke wa njegere na bizari ukapanda ukawafikia walio mbele.

"Haya, mwenye karamu ameonja," akasema. "Nani wa kwanza?"

Wa kwanza alikuwa Mzee Abelino, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Alimtazama nguruwe, akameza mate, akamtazama Daktari chini ya turubai. Kisha akaikumbatia sahani yake kifuani, pamoja na kofia, kwa mikono yote miwili, na hakuinyoosha.